Bendi Iliyovunjikia Al Sadd

Wazee wale wanne kutoka Uingereza walipoletwa hotelini kwetu Al Sadd, mjini Doha, mara ya kwanza, fundi wa sauti nilikuwa mimi, na ninajua walisikika vizuri. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Kazi nilikuwa nimejifunzia Nakuru, kwenye mikutano ya injili, na mtu aliyewahi kunyamazisha spika zinazopiga mluzi uwanjani kwenye upepo hatishwi na baa yenye zulia.

Tangu ujana wao walikuwa wamepiga roki katika baa ndogo za kwao, vyumba ambavyo mwimbaji akinyoosha mkono anagusa bilauri ya mteja. Nyimbo fupi, za haraka, zisizo na mbwembwe. Walitoa santuri kadhaa, wakasikika redioni kidogo, kisha mitindo ikabadilika. Mpiga gitaa akawa fundi bomba, mwimbaji akaendesha basi la shule, lakini wikendi hawakuacha kupiga. Hoteli iliwachukua msimu mzima wa baridi, wapige kila Ijumaa mchana, wakati Wazungu wa Doha wanakula na kunywa tangu adhuhuri.

Mwimbaji na mpiga gitaa walikuwa wamesoma darasa moja. Waligombana kama ndugu, kila Ijumaa kwa sababu ileile: mpiga gitaa akianza solo, hamalizi. Mwimbaji anabaki amesimama, mikono haina kazi. Siku moja akaniambia kwenye maikrofoni, wateja wote wakisikia, "Fundi, mzime huyu."

Sikumzima. Solo ikaendelea. Mwimbaji akaweka maikrofoni juu ya meza ya wateja, kando ya sahani ya kamba wa kukaanga, akapita jikoni na hakurudi. Waliobaki wakamaliza msimu bila mwimbaji, kisha bendi ikafa.

Miaka ikapita. Nikawa mkuu wa mitambo yote ya hoteli, nikaoa muuguzi kutoka Eldoret, tukapanga nyumba mtaa wa Al Mansoura. Ndipo mpiga gitaa akanipigia simu.

"Bado uko hapo?"

"Niko. Sasa ukumbi ni wangu."

Aliniambia kwamba mpiga ngoma wao alikuwa amefariki, na yeye na mwimbaji wakakutana makaburini baada ya miaka ya kimya. Mwimbaji ndiye aliyesema kwanza, "Tulimnyima mwenzetu onyesho la mwisho." Walikuwa wamepata mpiga ngoma mwingine. Walitaka kuanzia palepale walipovunjikia.

Nikaenda kwa meneja wetu, ambaye alikuwa mgeni pale. Akaniuliza nani angetaka kusikiliza watu wa umri wa babu yake.

"Nipe Ijumaa moja," nikamwambia. "Wakishindwa, usinisikilize tena."

Wakaja. Mazoezi ya kwanza yalikuwa mabaya, siwezi kusema vingine. Mwimbaji alikuwa amefanyiwa upasuaji wa koo, na sauti yake ilikuwa imeshuka na kukwaruza. Kila alipopanda kwenye noti za zamani ilikatika. Baada ya wimbo wa tatu akakaa juu ya spika.

"Nimekwisha, sivyo?"

Mpiga gitaa akajifanya anakaza nyuzi. Mke wangu alikuwa ameniletea chakula akitoka zamu, amekaa nyuma na sare yake. Akaniinamia: "Koo lake liko sawa. Anaogopa tu." Kisha akamwendea mwimbaji, akamuuliza kama anasikia maumivu. Hapana. Daktari alimkataza kuimba? Hapana.

"Basi imba kwa sauti ya hapa chini unapoongelea," akamwambia. "Hapa unaongea vizuri sana."

"Shusheni nyimbo," nikasema. "Zote."

Mpiga gitaa akawaka. Vidole vyake vilikuwa vimezoea mahali pamoja maisha yake yote. Tungeshusha, solo zake zote zingeharibika.

"Wewe na solo zako!" mwimbaji akasema.

Nilidhani mtu angepita jikoni tena. Mpiga gitaa akamtazama rafiki yake, mabega yakaanza kumtikisika, kumbe anacheka. Akalegeza nyuzi, akauanza wimbo chini. Na ile sauti iliyokwaruza ikatoka ikiwa imejaa, nzito, kama ya mtu anayekueleza jambo alilolipitia mwenyewe. Nyimbo zile za ujana wao sasa zilikuwa zimempata mwenyewe wa kuziimba.

Ijumaa ilipofika baa ilijaa. Wahudumu wetu, Wakenya na Waganda ambao roki haikuwa muziki wao, walisimama na trei mikononi wakisahau meza. Mpiga gitaa alipiga solo moja tu, fupi, kisha akarudi nyuma na kumwachia mwenzake nafasi. Meneja akasogea kwenye mtambo wangu, akapaza sauti sikioni mwangu: "Waambie wabaki msimu wote."

Walibaki, na msimu uliofuata wakarudi. Santuri yao mpya waliirekodi palepale, mchana, wateja wakipiga makofi, mimi nikiwa kwenye mtambo. Ilipotoka, kumbi za kwao zilizokuwa zimewasahau zikawaita, na mwimbaji akaniomba niende nao Uingereza.

"Nyinyi sasa mko sawa," nikamjibu. "Mwambieni fundi wa huko asiguse sauti ya mwimbaji. Aiache ikwaruze."

Akacheka, akanikumbatia, wakaondoka. Jumapili nilikuwa tena kazini, nikifunga spika za harusi.