Almasi Iliyoogopa Limau

Haya ninayoyaandika hakuna atakayeyaamini, nami nimeshazoea. Hata niliposema nimemwona kiboko akivuka barabara ya Nyamasaria, ameangalia kulia, ameangalia kushoto, watu walicheka. Lakini haya ni kweli tupu, na shahidi ninaye. Rehma binti Yahya, sonara wa Kaloleni, ameketi nyuma yangu na miwani puani, anasoma kila mstari ninaoumaliza. Nimemwambia anyamaze mpaka mwisho. Amesema ataona.

Mwaka wa themanini na tisa Rehma alikuwa na miaka ishirini na sita na vidole vilivyoungua kila mahali panapoungua. Usonara aliufundishwa na baba yake. Mzee Yahya macho yalipomwacha, alijikokota kutoka kwenye kigoda, akapapasa bega la bintiye, akamkalisha, mwenyewe akahamia mkekani na tasbihi yake. Hakumwachia dhahabu. Alimwachia vyombo, na neno moja: "Siku utakayomwambia mteja shaba ni dhahabu, zima taa, kwa maana hakuna atakayerudi."

Taa yenyewe ilikuwa karibu kuzimika bila hata uongo. Watu walikuwa wakichungulia mlangoni, wakimwona mwanamke ameshika nyundo, wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Rehma akisema ndiye yeye, wanakumbuka wameacha sufuria motoni. Wanakwenda zao mjini kwenye maduka yenye vioo. Mama yake alikwisha zungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu. Jumatatu aje achukue vyombo vyote, na Rehma atafute kazi ya kushona.

Ndipo alipoingia Nicodemus, karani wa pamba kutoka Bondo, tai shingoni na jasho juu ya tai.

"Dada, nataka pete ya almasi."

"Almasi umekuja nayo?"

"Si wewe ndiye sonara?"

"Mimi ni sonara, bwana. Si mgodi."

Nicodemus aliketi, akatoa yaliyo moyoni. Alitaka kumwoa Seline. Seline hakuwa na tatizo. Seline angevaa hata pete ya uzi. Tatizo lilikuwa shangazi aliyemlea, Waya Benta wa Obunga; waya kwa Kijaluo ndiye shangazi. Waya Benta aliona almasi kwenye kalenda ya benki, mwezi wa tatu, akaapa kwamba binti wa ndugu yake hatoki nyumbani kwake bila jiwe kama lile.

"Weka kioo tu, dada," Nicodemus alinong'ona. "Halafu useme ni almasi."

"Kioo nitaweka. Kusema, utafute mdomo mwingine."

Alimwambia arudi Ijumaa, ingawa hakujua atamwonyesha nini. Akaenda kula.

Siku hiyo mama yake alipika kichwa cha mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Sasa, wewe mla minofu huwezi kujua, lakini anayekula kichwa kwa heshima, mpaka mfupa wa mwisho, anakutana na mawe mawili meupe, moja kila upande nyuma ya macho. Ndiyo samaki anayosikilizia. Sisi wengine tunayatema kando ya sahani. Rehma alilitema la kwake, akaliokota, akalifuta kwa kanga, akalipeleka mlangoni penye mwanga.

"Hata sahani hujaosha!" mama yake alifoka.

"Mama, kwani wewe umewahi kulitazama hili?"

Siku tatu hakutoka nje. Alichukua rupia ya zamani ya bibi yake, ya fedha halisi, akaiyeyusha kwa taa na bomba la kupulizia. Anapuliza, mashavu yamejaa kama ya chura, na ulimi wa moto unailamba fedha mpaka inalegea. Akaigonga, akaivuta, akaikunja ikawa pete, akaijengea kikombe kidogo cha kukalia jiwe. Jiwe lenyewe alilisugua kwa msasa, kisha jivu lililoloweshwa, kisha dawa ya meno juu ya kipande cha ngozi. Likatoka jeupe kama maziwa ya kwanza, na ndani yake mwanga unatembea.

Sasa, kazi ya sonara ikiisha huoshwa kwa limau. Mkono wa Rehma ulikwenda wenyewe kwenye limau, lakini akili ikawahi. Akajaribu kwanza kwenye kipande kilichomeguka. Kikatoa povu, kikaliwa, kikapotea. Rehma akatoa pumzi ndefu, akaiosha pete kwa maji matupu. Lile jiwe la upande wa pili wa kichwa, pacha wa la kwanza, akalitia mkebeni.

Ijumaa akamwambia Nicodemus bila kumung'unya. "Pete ni fedha. Jiwe limetoka kichwani mwa mbuta. Si almasi. Moto lisiguse, na limau lisiguse."

Nicodemus alishaikodolea macho pete na meno yake yote yako nje. Katika hayo yote alisikia limau peke yake.

Yaliyotokea Obunga, Seline ndiye aliyemsimulia Rehma baadaye. Waya Benta alikuwa akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa, na vichwa vyake vikiwa vimening'inia. Nicodemus akapiga goti karibu na karai. Seline akavaa. Majirani wakapiga vigelegele.

"Ni almasi ya maziwa, Waya," Nicodemus alisema. "Adimu sana. Ila Seline asiiguse na limau."

Kijiko kikasimama mafutani.

"Isiguswe na nini?"

"Limau, Waya."

"Mimi mikono yangu inalala kwenye limau na chumvi, na kucha zangu ziko. Hiyo ni almasi gani inaogopa limau?"

Aliondoka na aproni yake vilevile, inanuka mafuta, Seline nyuma, Nicodemus nyuma ya Seline, na nyuma yao kila mtu asiyekuwa na kazi. Walipofika Kaloleni mlango wa Rehma ulijaa watu kuliko ulivyojaa mwaka mzima.

"Nyar Yahya! Binti Yahya!" Waya Benta aliinua mkono wa Seline kama mtu anayeshtaki. "Hii ni almasi au si almasi? Sema!"

Rehma alimtazama Nicodemus, ambaye alikuwa akimwomba kwa nyusi. Neno moja tu, almasi, na harusi ingefungwa, pete ingeonekana kanisa zima, na wateja wangekuja. Akisema samaki, Jumatatu mwenye vyuma chakavu anabeba kila kitu. Kule pembeni, juu ya mkeka, tasbihi ya Mzee Yahya iliacha kutembea.

Rehma akafungua mkebe, akaliweka lile jiwe la pili kwenye kiganja cha Waya Benta.

"Si almasi, Mama. Ni hili. Huyu ndiye pacha wake."

Waya Benta akaligeuza. Akalinusa.

"Yawa," alisema polepole. "Hili si ndilo lililonivunja jino mwaka juzi?" Akamgeukia Nicodemus. "Wewe, uliniambia limetoka wapi?"

"Afrika Kusini, Waya."

Watu waliangua kicheko mpaka mlango ukatikisika. Waya Benta alijaribu kukasirika, mdomo ukakataa. Akaitazama tena pete, safari hii kwa muda mrefu.

"Mimi siivui," Seline alisema.

"Nani amekwambia uivue? Miaka mitano nawatupia mbwa mawe ya harusi!" Akapangusa macho kwa aproni. "Nyar Yahya, mimi nataka ya masikio. Makubwa. Kichwa nitakuletea mwenyewe. Na wewe karani, kwa huo mdomo wako, wiki nzima utanibebea mifupa kutoka kiwandani. Na hiyo tai usiitoe!"

Walipokwisha kutawanyika, Mzee Yahya aliuliza kutoka kwenye mkeka, "Mteja umemwambia nini?"

"Nimemwambia samaki, Baba."

"Basi washa taa. Yule wa Jumatatu nitamfukuza mwenyewe."

Harusi ikafungwa Desemba, Waya Benta masikio yanameremeta kuliko bi harusi. Na kuanzia siku hiyo, jamani, vichwa vya mbuta vikaadimika ziwa zima! Foleni ilianzia mlangoni kwa Rehma, ikapita sokoni, ikafika Nyamasaria, ndege tatu zikatua zimejaa mabibi wa Nairobi, na mke wa balozi mmoja akapiga magoti hapahapa kizingitini, analia, anaomba japo jiwe la kambare, la ngege, la

"Mzee Joram, weka kalamu chini. Foleni ilikuwa watu wanne, na mmoja alikuwa wewe, umekuja kuomba kiberiti."