Tulishuka Ziwa Kitangiri kwa miguu mimi na shemeji, kumbe alikuwa ametumwa

Wakuu, heshima kwenu. Wa rika langu mambo vipi, wakubwa zangu shikamooni. Hii sijasimuliwa na mtu, imenikuta mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Mimi ni fundi umeme hapa Singida mjini. Mke wangu alifariki mwaka juzi, akaniachia binti, Upendo, sasa yuko darasa la kwanza. Tunaishi wawili tu.

Kaka wa marehemu, shemeji Elia, anakaa Kiomboi. Mimi na yeye ni watu wa kutembea porini tangu zamani.

Mwezi uliopita akapiga simu: "Shemeji, njoo tushuke Kitangiri kwa miguu. Tulale kule, kesho yake turudi kwa njia nyingine."

Nikamwacha mtoto kwa jirani, nikabeba begi na hema.

Kwa wasiopajua, Kiomboi iko juu. Ukifika ukingoni unaliona ziwa chini kabisa, linang'aa kama bati jipya. Kushuka ni mawe matupu, magoti yanaomba poo.

Siku hiyo Elia hakuwa Elia. Kwa kawaida ana stori mpaka unachoka. Safari hii alitangulia mbele, kimya. Nikajisemea ni stress tu za maisha.

Jioni tukaweka hema mbali na maji, maana viboko wapo. Tukanunua perege kwa wavuvi, nikasonga ugali. Hata hatujamaliza kula, akasema:

"Shemeji, mama amenituma. Anataka Upendo akakae naye."

"Kwa nini?"

"Wewe unatoka asubuhi unarudi giza. Mama anasema mjukuu wake asilelewe na majirani."

Wakuu, tonge nililirudisha sahanini. Kilichoniuma ni kwamba hakusema uongo. Lakini yule mtoto ndiye anayenifanya nitamani kurudi nyumbani.

Nikamjibu, "Simtoi."

Tukalala tumepeana migongo.

Asubuhi tukapanda kwa njia ya ng'ombe, kali kuliko ya jana. Jua likawaka, maji yakatuishia.

Karibu kufika juu, soli ya kiatu changu ikabanduka yote. Elia akarudi, akapiga magoti, akaanza kuifunga kwa kamba ya begi lake.

Akiwa ameinama hivyo nikaona mabega yanatikisika. Jamaa analia.

"Elia, vipi?"

"Sijawahi kumlilia dada yangu. Msibani nilikuwa nahangaika na jeneza, maturubai, chakula cha watu. Na mama mpaka leo akitaka kuniita, linamtoka jina la dada."

Nikakaa chini kwenye mawe. Hasira yote ikaniishia palepale.

Nikamuuliza, "Mama mwenyewe akija Singida je?"

Akafuta uso. "Mama alale nyumba ya mkwe wake? Hawezi."

Mnajua tena mambo ya wakwe, hata kula pamoja ni mtihani. Nikamwambia nitampangia chumba nyumba ya pili.

Akacheka, mara ya kwanza tangu jana. "Hapo atakubali. Ila atalalamika kuhusu maji ya mjini."

Mama alikuja, na amelalamika kweli, eti maji yana chumvi. Mimi namsalimia nikiwa mbali kidogo, macho chini.

Upendo analala kwa bibi yake, asubuhi anakuja kunywa uji kwangu. Kuna jioni nyumba inakuwa kimya mno, na inaniuma, siwadanganyi. Ila mtoto amenawiri.

Nilichojifunza ni hiki: nilikuwa bize kulinda changu, nikasahau kwamba niliyemzika alikuwa pia mtoto wa mtu na dada wa mtu.

Wababa mnaolea wenyewe, ninyi na wakwe zenu mlipangaje? Semeni. Hata wa kunisema vibaya, nimejiandaa.