Mgonjwa alikufa kwenye kompyuta, nikacheka

Leo nimecheka mtu akifa.

Sisi wanafunzi wa uuguzi hapa Karatu tunafundishwa pia kwa gemu ya kompyuta. Mgonjwa wa leo alikuwa mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua.

Ilikuwa zamu ya Naserian, jirani yangu wa dawati. Akakawia, mgonjwa akafa.

Darasa zima likacheka. Mimi kuliko wote.

"Bonyeza anza upya," mwalimu akamwambia.

Naserian akasimama. "Mama yangu alikufa hivi hivi, tukimkimbiza hospitali kutoka kijijini kwetu Soitsambu."

Akatoka. Nikamfuata kumwomba msamaha.

"Rudi ndani, Upendo. Ni zamu yako," Naserian akaniambia.

Nikarudi, nikacheza. Mgonjwa akapona, wakanipigia makofi.

Jamani, ningefanyaje?