Mkalimani wa Boanamary

Mkalimani wa kijiji chetu cha Boanamary, Madagaska, alikuwa na sauti ya chini, na kila alipotafsiri alisugua viganja kama anayenawa. Tuliojua Kifaransa kidogo tulisikia jinsi maneno yetu makali yalivyolainika kinywani mwake. Siku mkuu wa wilaya alipokuja kutangaza nyumba mpya za vibarua wa kiwanda zitakazojengwa kijijini kwetu, Bi Ansoifa alisimama. "Kisima ni kimoja, na tayari tunachota tope. Hao wageni watakunywa nini?"

Mkalimani alitafsiri yote, bila kupunguza neno. Mkuu akauliza kwa hasira, nani anapinga?

"Mimi," akajibu mkalimani, kwa Kifaransa, kisha kwa Kimalagasi ili tusikie sote.

Alifukuzwa kazi palepale. Nyumba zilijengwa kwingine. Ijumaa ile msikitini, wazee walimpisha safu ya mbele.