Ukuta Nilioupaka Rangi

Mtaa wetu wa Hayes, hapa London, ukiutazama kwa nje utadhani umejaa watu waliojaliwa. Nyumba za matofali mekundu zimeshikana mbili mbili, na pale palipokuwa na bustani za mbele sasa pana saruji na mapipa ya taka. Ukitaka kujua tunaishi wangapi, hesabu mapipa, usihesabu milango. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja ina familia nne, na kule nyuma, kwenye kibanda cha vifaa vya bustani, wanalala wanaume wawili wanaopakia mizigo kwenye maghala. Ndege zinazotua hupita karibu na mapaa hadi mazungumzo yanakatika. Watu hunyamaza, kisha huendelea pale walipoachia.

Mimi na binti yangu tulikuwa na chumba cha juu, upande wa nyuma. Kitanda kimoja, kabati, na godoro la pili ambalo mchana tulilisimamisha nyuma ya mlango. Jiko lilikuwa la wote. Ukuta wa dirishani ulikuwa mweusi kwa kuvu. Sisemi ulikuwa na madoa, nasema mweusi, kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua changu, na ukiugusa mkono unarudi umelowa. Binti yangu alikuwa na miaka minane, na alikuwa na pumu. Daktari alikwisha kutuandikia barua. Mwenye nyumba tulimlalamikia hadi tukachoka, naye akatuletea feni, Mungu amlipe anavyostahili.

Tukaomba kaunsili, yaani halmashauri ya mji, itupatie pengine pa kuishi. Tulingoja hadi nikakata tamaa, ndipo ikaja simu: afisa wa nyumba atakuja Alhamisi, saa nne asubuhi, aone hali yetu. Kila kitu kilitegemea atakachokiandika mtu huyo. Akiandika kwamba chumba kinamuumiza mtoto, tutasogezwa mbele kwenye foleni. Asipoandika, basi.

Hapa ndipo ninapojichukia.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nimelelewa na mama ambaye akisikia hodi, kabla hajaitikia karibu, keshatupa leso juu ya kila kisichopendeza. Mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba, hata kama nyumba yenyewe ni chumba kimoja cha kupanga na aibu yenyewe si yako. Kwa hiyo Jumatano nilibadilishana zamu na mwenzangu kazini, nikaenda kununua kopo la rangi nyeupe.

Jirani wa chini, mama Mkongo anayesafisha maofisi, alinikuta ngazini nimelikumbatia kopo langu.

"Dada, acha ukuta vile iko," akaniambia. "Bakuje baone na macho yabo."

"Nimuingize mgeni kwenye uchafu ule?"

"Ule haiko mugeni, dada. Ule iko kaunsili."

Nilicheka. Nilimwona hana haya, nisamehewe. Nikapanda juu, nikausugua ukuta kwa dawa ya madoa hadi macho yakaniwasha, nikapaka rangi mara mbili. Godoro la pili nikalipeleka kwa mama yule yule niliyemcheka. Nikatandika shuka la maua. Asubuhi ya Alhamisi nikakaanga mahamri, nikachemsha chai ya iliki, na ili kuua harufu ya rangi nikafukiza udi. Udi, kwenye chumba cha mtoto mwenye pumu! Alipoanza kukohoa nikampeleka chini kwa jirani, nikamwambia atulie huko hadi mgeni aondoke.

"Lakini mama," akaniuliza kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakielewa ila hajibu kwacho, "si anakuja kuniona mimi?"

"Usiniaibishe," nikamwambia.

Afisa alikuwa mwanamke mpole, kijana kuliko mimi. Alikaa kitandani, akala hamri moja, akasifu. Kisha akafungua daftari lake akaniuliza tunaendeleaje.

Nikasema hatujambo, tunashukuru.

Kwetu hilo si jibu. Ndivyo watu wanavyofungua mazungumzo. Hata aliyefiwa jana ukimuuliza habari atakwambia nzuri, halafu utauliza tena, na ya mtoto je, na ya kifua chake je, ndipo atakapokufungulia moyo. Nilikuwa nangoja anirudie. Nilikuwa na barua ya daktari mfukoni na picha za ukuta kwenye simu, vyote tayari, namngoja tu aulize mara ya pili. Aliandika kidogo, akautazama ukuta wangu mweupe, akashukuru kwa chai, akaondoka.

Ni ajabu, kwa sababu kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao, na kila siku naandika ukweli bila kuona haya: mgongo umechubuka, hakula, amelowesha kitanda. Ya watu wengine nayaandika yote. Yangu yakanishinda kuyatamka.

Barua ilikuja. Ilisema chumba ni safi, kikavu, na kinatosha mzazi na mtoto mmoja. Nilipeleka picha, wakajibu kwamba ombi limeshaamuliwa na nikitaka kukata rufaa nijaze fomu nyingine. Nilijaza. Kabla haijajibiwa, Jumapili moja asubuhi tunakunywa chai, binti yangu akaweka kikombe chini akashindwa kuvuta pumzi. Midomo ilibadilika rangi. Hospitalini daktari aliniuliza analala wapi, na safari hii nilisema yote, nilisema hadi nikapaza sauti. Akasema mtoto asirudi kwenye chumba kile.

Baba yake anaishi mji wa Leicester na mke wake, kwenye nyumba kavu yenye chumba cha ziada. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ningepata wa kumlaumu. Alikuja na gari, akapakia begi na sare za shule, akaniambia ni kwa muda tu.

Sasa ni mwaka wa pili. Rufaa ilikataliwa kwa sababu siishi tena na mtoto. Huko aliko hajalazwa hata mara moja, anakimbia mbio za shule, na mimi nashukuru kweli kweli huku nalia kwenye basi la kwenda kazini, na wala sijifichi.

Likizo fupi iliyopita alikuja kukaa nami siku tatu, kwenye chumba kile kile. Siku ya pili kifua kilianza kubana. Alimpigia baba yake mwenyewe, kwa utulivu, akapanga nguo zake begini bila kuambiwa. Nilimsindikiza hadi kwenye gari la baba yake, nikamfunga zipu ya koti ingawa keshakuwa mkubwa. Akanikumbatia. Kisha akasema yale ambayo watoto wa nchi hii wanafundishwa kumwambia mwenyeji wanapotoka nyumbani kwa watu: asante kwa kunikaribisha.

Nikamwambia karibu tena.