Fatouma Jamali na Tuta la Katuba

Fatouma Jamali alikuwa mfyatua matofali wa Katuba, mjane mwenye mikono mipana na maneno machache. Ukoo wao ulitoka Maniema, maseremala watupu. Yeye peke yake ndiye aliyechagua udongo. Alivijua vichuguu vyote vya upande ule wa Lubumbashi, kipi hutoa tofali gumu na kipi hutoa tofali la kupasuka motoni.

Mwaka 1991 reli mpya ilikuwa ikijengwa kuvuka kinamasi nyuma ya mtaa wao. Daraja refu lilikwisha kusimama juu ya nguzo kumi na moja. Lilibaki tuta la udongo la kuliunganisha na nchi kavu, nalo lilikuwa limepungukiwa hatua sitini. Mwezi wa kumi askari wakaasi, mji ukaporwa. Wahandisi wa kigeni waliondoka na nguo walizovaa. Mashine ya kushindilia udongo ikang'olewa betri, mafuta, hata kiti cha dereva. Na reli ya zamani, iliyopita chini kinamasini, ilikuwa ikingoja mvua tu izame. Mahindi ya kulisha mji yalikuja kwa reli hiyo.

Aliyebaki kazini ni Muhindo Kataliko, mhandisi kijana kutoka Butembo. Fatouma alimkuta ameketi juu ya jiwe, akitazama pengo.

“Ingénieur, unangoja nani?”

“Mama, bila mashine siwezi kitu. Udongo utashuka, train itaanguka.”

“Mashine iko na uzito. Batu pia beko na uzito. Tutafute tu batu ya kutosha.”

Muhindo hakucheka, na ndiyo sababu Fatouma alirudi kesho yake. Alikuja na wafyatua matofali thelathini na wawili, wengi wao wanawake, na magogo mazito yaliyotiwa mipini miwili. Wakamwaga udongo kimo cha shubiri moja, wakautwanga kwa kupokezana tangu asubuhi hadi alasiri. Muhindo akaudunga kwa fimbo ya chuma kuupima. Ikazama kama kisu kwenye bukari, ugali wa huko.

Fatouma akateka udongo, akaufinya, akafungua kiganja. Ukamwagika kama unga.

“Iko mukavu. Tutoe yote, tuanze tena na maji.”

Walinung'unika, lakini wakautoa. Safari hii alionja kila lundo kwa kiganja chake: likimomonyoka, litiwe maji; likimwachia unyevu mkononi, lianikwe kwanza. Muhindo alikuwa amesoma jambo hilohilo chuoni kwa tarakimu. Jioni fimbo yake iligonga na kurudi.

Wiki ya tatu mvua ikamega kona nzima ya tuta. Mwaba, kiongozi wa watwangaji, akatupa gogo lake chini.

“Mungu amekataa, Mama Fatouma.”

“Mungu ametuonyesha mahali tulifanya vibaya,” alisema, akaingia topeni wa kwanza na koleo.

Mwaba akaliokota gogo. Walijenga kona upya, wakaifunika mbavu kwa udongo wa kichuguu, ule unaoshika kama gundi, wakapanda majani juu yake.

Mwezi wa kumi na mbili, pengo likiwa limezibwa na reli kutandikwa juu, ikaletwa injini na mabehewa matatu ya mawe ili tuta lipimwe. Dereva wake, mzee Kalaba, alisimama kabla ya kulifikia.

“Hii ilitwangwa na bamama? Mi niko na watoto saba.”

Fatouma alisogea mlangoni mwa injini. Alishika chuma, akapanda, akasimama kando yake.

“Basi twende sote.”

Wakaenda mwendo wa mtu anayetembea. Chini, Katuba yote ilitoka kutazama. Fatouma alisikia udongo ukipokea uzito, akausikia ukikataa kushuka, na moyo wake ukapanuka kifuani mpaka akaona injini ni ndogo. Magurudumu yalipoingia darajani, Muhindo alipiga magoti kupima. Tuta lilikuwa limeshuka upana wa kidole kimoja.

“Kidole,” alisema. “Kidole tu, Mama.”

Siku nne baadaye yakapita mahindi, mabehewa kumi na saba, huku reli ya zamani ikiwa chini ya maji. Watwangaji walisimama mstari mmoja chini ya tuta, magogo mabegani, na Mwaba ndiye aliyeanza vigelegele.