Kalamu Zilizoapishwa

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia na ni mshirika wa kanisa. Nayataja yote mawili mapema kwa sababu huku Nyeri ukitaja la kwanza peke yake, mtu atakukatiza akuulize kama umeokoka. Jumapili naimba katika kwaya ya akina mama, kitambaa kichwani, na Jumatatu naingia darasani kufundisha mageuko ya viumbe. Mungu hajawahi kunigombeza kwa hilo. Wanaonigombeza ni watu.

Tena wananigombeza bila kujua ninachofundisha, na hapo ndipo ninapochoka. Redio zetu zikiileta mada hiyo asubuhi, wanaopiga simu hawaulizi sayansi inasema nini. Wanauliza kama babu yangu alikuwa nyani. Mtangazaji anacheka, anaweka wimbo wa injili, na mjadala umekwisha. Sokoni Kiriaini, mama mmoja anayeniuzia viazi alinishika mkono siku aliyojua kazi yangu.

"Ati unafundisha watoto yetu walitoka kwa nyani? Wewe toka kwa nyani peke yako!"

Tulicheka wote wawili, na viazi akaniongezea. Mzaha wa namna hiyo simkatalii mtu. Kilichonifika kooni ni siku ile mzaha ulipopewa kipaza sauti na chupa ya mafuta ya upako.

Nafundisha katika shule ya wasichana huko Tetu, ya kutwa, iliyozungukwa na mashamba ya chai. Mwaka huo, katika kidato cha nne, nilikuwa na msichana aliyejua anachokitaka. Alitaka kuwa daktari wa mifugo. Nyumbani kwao wanafuga ng'ombe wa maziwa, na aliwahi kumwona ng'ombe wao bora akifa akizaa huku daktari akisakwa kila mahali bila kupatikana. Alinisimulia hayo kwa hasira, na mimi humpenda mtoto mwenye hasira ya aina hiyo. Baba yake ni mzee wa kanisa, mtu mtaratibu, asiyepandisha sauti. Tulipofika kwenye mageuko, binti aliuliza maswali hadi wenzake wakaanza kunung'unika kwamba kengele imeshalia.

Mtihani wa taifa ukikaribia, shule za huku huwa na siku ya maombi. Wazazi huja na nguo zao za Jumapili, watahiniwa wakaketishwa mbele na kalamu zao, na mhubiri akaziombea zile kalamu. Sina neno na desturi hiyo. Nimewaona watoto waliokuwa wakitetemeka wakitulia kwa sababu mama zao wamewawekea mkono kichwani. Lakini mwaka huo mwalimu mkuu alimwalika mhubiri kutoka mjini, mtu wa suti nzuri, aliyekuja na spika zake mwenyewe.

Mwanzoni aliomba vizuri. Kisha akaigeukia Baiolojia. Alisema kuna somo ambalo shetani amelipenyeza ndani ya vitabu vya watoto wetu. Akainama, akaacha mikono ining'inie, akatembea huku na huku akijikuna kwapani, na wazazi wakavunjika mbavu. Walimu wenzangu walinigeukia, nao wakicheka. Halafu mhubiri akanyooka na sauti yake ikabadilika.

"Inueni hizo kalamu! Juu! Semeni nyuma yangu: hii kalamu yangu haitaandika uongo, ati mimi nilitoka kwa nyani. Nikiandika, hii mkono yangu ikauke!"

Wakasema. Kidato cha nne kizima, kalamu juu, neno kwa neno. Wazazi wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na mhubiri akapita akizipaka kalamu mafuta moja baada ya nyingine.

Mtu asiye wa huku anaweza kudhani hayo ni maneno ya kupita. Sisi wa mlima huu tumelelewa tukijua kiapo ni nini. Babu zetu walikula viapo wakati wa kupigania uhuru wakafa navyo bila kufungua mdomo, na hadi leo kuna wazee walio radhi kuipoteza kesi ya shamba kuliko kuapa. Mhubiri yule ni mtoto wa huku huku. Alijua vizuri alichokuwa akiwatwisha wale wasichana.

Nilimfuata mwalimu mkuu kabla hata viti havijakusanywa.

"Madam, wacha hiyo maneno," aliniambia. "Wazazi wamefurahi. Sasa unataka nisimame niseme mtumishi wa Mungu amekosea?"

"Nataka uwaambie watoto wajibu maswali yote."

"Watajibu tu. Hao ni watoto, watasahau."

Jumatatu niliwaambia mwenyewe. Niliwaeleza kwamba swali huuliza wanasayansi wanasema nini, na kulijibu si kuikana imani ya mtu. Hata hakimu huandika maneno ya mshtakiwa bila kuwa mwizi. Wasichana walicheka. "Madam, usijali, si tutaandika tu," mmoja alisema. Yule wangu hakucheka. Alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Madam, lakini tuliapa."

"Mliapishwa," nikamjibu.

"Ni mdomo yangu ilisema. Na baba alikuwa hapo, anasikia."

Nilibishana naye hadi machozi yakamlengalenga, nikamwacha aende. Nilijisemea kwamba pengine swali lenyewe halitakuja.

Likaja. Lilikuwa lile refu, lenye alama nyingi. Wenzake walitoka chumba cha mtihani wakikumbatiana kwa furaha, kwa kuwa ni jambo walilolijua. Yeye alikuja moja kwa moja hadi nilipokuwa nimesimama, akaniambia kwamba ameliacha. Hakulia. Alisema tu, kisha akaenda kuchukua mkoba wake.

Matokeo yalipotoka, alama yake ya Baiolojia haikufika ile inayotakiwa kwa udaktari wa mifugo. Wenzake, ambao darasani walikuwa wakimfuata kwa mbali, walimpita. Kwa hiyo, nieleze nielewe: walioapa wakavunja kiapo walifaulu, na aliyeshika neno lake mbele za Mungu ndiye aliyeumia. Kama hilo ndilo fundisho la siku ya maombi, basi bora tungekaa nyumbani tukachuma chai. Nimekasirika nikiandika haya na sioni haya kusema hivyo.

Nilienda mjini kumtafuta mhubiri. Nilimkuta ofisini kwake, akanikaribisha chai, akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akatabasamu.

"Aii, mwalimu! Na si hiyo ilikuwa ya kuwatia moyo tu? Hata msichana wangu anasoma hizo vitu na anaandika. Mtihani ni mtihani."

Ya kuwatia moyo tu! Mtoto wake anaandika, wa mwenzake mkono ukauke. Aliniomba tufumbe macho tumwombee yule binti. Niliyaacha macho yangu wazi, nikaiacha na chai, nikatoka. Nimekuwa kanisani maisha yangu yote na sijawahi kuikataa sala ya mtu kabla ya siku hiyo.

Siku iliyofuata nilienda kwa kina binti. Niliwakuta nyuma ya nyumba wakiwapulizia ng'ombe dawa ya kupe, baba ameshika kamba, binti amebeba bomba la kupulizia mgongoni. Baba alinisalimu kwa heshima yake ya kawaida, kisha akaniuliza jambo ambalo nilikuwa nimedhani analijua.

"Mwalimu, hata nilikuwa nitakuja. Huyu mtoto alianguka aje hiyo somo, na ndiyo alikuwa anapenda?"

Nilimtazama binti. Aliacha kupuliza.

"Niliacha swali moja, baba. Ile ya evolusheni, hiyo mageuko mhubiri alisema yote ni ya shetani. Tuliapa."

Mzee aliikaza kamba mkononi. "Ilikuwa inauliza nini?"

"Kwa nini dawa ikitumiwa sana inaacha kuua wadudu. Unaandika ati wadudu hawafanani. Ukipiga dawa wengi wanakufa, lakini kuna wachache wako na nguvu, hao wanabaki. Wanazaa, na watoto yao wanazaliwa na hiyo nguvu. Ukiendelea hivyo, mwisho wanabaki wale dawa haiwezi."

"Kama hizi kupe? Zile zilikataa dawa ya kwanza?"

"Hata hizi kupe ungeandika."

"Na halafu?"

"Halafu umemaliza."

Baba alimgeukia ng'ombe, akamwangalia masikioni, ambako kupe hupenda kujificha, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, hiyo ndiyo evolusheni?"

"Huo ndio uteuzi wa asili, mzee. Ndio msingi wake," nikamwambia. "Yako mengine, na mengine utayakataa, na ni haki yako. Lakini swali lilikuwa hilo."

"Na nyani iko wapi?"

Binti alimjibu kabla yangu. "Haikuwa hapo, baba."

Nilitamani mhubiri angekuwepo na suti yake aione sura ya yule mzee. Alikuwa mtu aliyegundua kwamba amepigia makofi jambo ambalo hakuna aliyewahi kumweleza. Nami nilijikasirikia pamoja na wote, kwa kuwa katika miaka yangu yote ya kufundisha sikuwa nimewahi kuwaita wazazi wa shule ile hata siku moja nikawaeleza kwa lugha yao.

"Unaweza kurudia kidato cha nne," hatimaye baba alimwambia binti.

"Naweza." Binti alikuwa ameinamisha kichwa. "Lakini hiyo swali ikikuja tena, nitaiacha tena, baba. Kiapo bado iko."

Mzee wa kanisa alifunga kamba kwenye nguzo, akamsogelea, akamtua bomba mgongoni.

"Andika," akasema. "Mkono ikikauka, ikauke yangu."